Mwizi wa Karanga za Kindi

Naomba nianze kwa kusema hivi: mimi siibi. Najua, hata wezi huanza hivyo hivyo, lakini nisikilizeni kwanza. Mimi ni dobi. Nina chumba changu cha kazi mwisho wa barabara, mashine mbili za kufulia na meza ndefu ya kupigia pasi, na mashuka nayaanika nyumbani, bustanini, kwa sababu kule hakuna jua la maana. Watu wananiletea nguo wakiwa na haraka zao, hawakumbuki hata walichoacha mifukoni. Nimeokota pete ya ndoa ndani ya soksi. Nimeokota funguo za gari, meno ya bandia, na picha ambazo mke wa mtu hakutakiwa kuziona. Kila kitu kimerudi kwa mwenyewe, na mdomo wangu nimeufunga. Dobi akishaitwa mdokozi, kwisha habari yake. Hakuna mteja atakayekuja kumuuliza kama ni kweli. Atahamishia nguo zake kwingine, na wakikutana njiani atamsalimia vizuri tu.

Sasa fikirini roho yangu ilivyodunda asubuhi ile mama mkwe aliponitazama kutoka utosini hadi kwenye kandambili, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mke wa mwanangu, karanga za kindi unampelekea nani?"

Tangu niolewe aliniita mwanangu. Leo nimekuwa mke wa mwanangu. Nikajua kumeharibika.

Lazima niwaeleze huyu mama ni nani, la sivyo mtamwona ni bibi kizee mwenye choyo, na wala sivyo. Mtaa mzima unamwita Mama Stoo. Alikuwa mtunza stoo wa hospitali kubwa tangu akiwa msichana hadi alipostaafu, na katika muda wote huo, anasema, hakuna kipande cha sabuni kilichotoka bila yeye kujua kinakwenda kuosha nini. Madaktari walimwogopa. Matroni akikaribia mlango wa stoo alikuwa anapunguza mwendo. Kazi hiyo aliipata kwa sababu aliyemtangulia alikuwa akiyalalia mablanketi ya wagonjwa nyumbani kwake, yeye na ukoo wake mzima. Basi yule binti siku yake ya kwanza akajiambia kwamba kila anayeingia stoo ni mwizi mpaka atoke. Hajabadilisha msimamo huo hata siku moja. Marehemu mumewe mwenyewe, wakati wa uchumba, kila akija kumsalimia kazini ilibidi ageuze mifuko ya koti kabla ya kuaga. Mama alinisimulia hayo huku akicheka mpaka machozi yanamtoka.

Na stoo yake hakuitegemea kufuli peke yake. Kufuli, anasema, fundi yeyote anaweza kulichongea ufunguo wa pili. Yeye alifunga kila gunia na kila debe kwa uzi, kwa fundo lake mwenyewe: unazungusha kushoto mara mbili, unapitisha chini, unaurudisha uzi juu ya kidole gumba, halafu ncha unaificha ndani isionekane. Ukilifungua fundo hilo huwezi kulirudisha lilivyokuwa mpaka uwe umefundishwa. Watu walijaribu. Walikamatwa wote.

Basi mtu wa namna hiyo mstaafishe, umpe kiti na mto wa mgongoni, umwambie, "Mama, sasa pumzika." Apumzike nini? Alizunguka nyumba kutwa akikagua vijiko. Akafungua kabati langu la sabuni, akalipanga upya, akaniuliza kwa nini boksi la tatu limefunguliwa kabla la pili halijaisha. Mume wangu ni fundi wa friji, anatoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo moto wote ule niliuota mimi. Nilikuwa nimeanza kutafuta kitu cha kumpa akilinde, chochote kile, kindi wakaja wenyewe.

Alitangulia mmoja. Alitoka kwenye miti ya jirani, akateremka ukutani kichwa kikiwa chini mkia juu, akadokoa ganda la mkate kwenye sahani ya Mama Stoo mwenyewe. Maskini, hakujua yuko kwa nani! Kesho yake mama alishinda dirishani na ufagio mkononi. Akaweka karanga moja juu ya ukuta mfupi karibu na bomba, iwe chambo. Kindi akaja, akaishika kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akaibangua, akala, kisha akakaa pale pale akimtazama mama bila wasiwasi wowote.

"Huyu anajiamini," mama akasema, na ufagio akauweka chini.

Haukupita muda wakawa wanakuja kundi zima, kila mmoja na cheo chake. Kuna Meneja, yule mnene anayekula wa kwanza. Kuna Karani, mwenye sikio lililochanika. Kuna Kibarua, ambaye hali, kazi yake ni kuzika karanga kwenye tuta langu la vitunguu na kunifukulia miche. Kila asubuhi baada ya chai mama alitoka na kopo la bati, akazipanga karanga juu ya ukuta ule, akakaa kwenye kigoda, akiwatazama kwa jicho lile lile la stoo. "Karani kachukua mbili," atasema. "Anajifanya anaondoka. Ngoja. Ngoja. Si umeona? Karudi! Nilijua!" Na anajipiga paja kwa furaha.

Wakimaliza kula, anatumbukiza kijiti ndani ya kopo, anakitia alama ya kalamu pale karanga zilipofikia, kama alivyokuwa akipima mapipa ya mafuta kule hospitalini. Kisha analifunga kopo kwa uzi, kwa fundo lile. Kesho yake anapima kwanza ndipo agawe. Mimi nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Nani atakayehangaika kuiba karanga za kindi?

Kuna wakati alipatwa na homa kali, hawezi hata kunyanyuka. Akaniita chumbani, akaniambia nifunge mlango, akanifundisha fundo. Mikono yake ilikuwa ya moto, inatetemeka, imeshika yangu. "Kushoto, mwanangu. Kushoto nimesema, huna masikio?" Binti yake wa kumzaa hajawahi kufundishwa. Wifi yangu alipopata habari alinuna, akasema, "Haya, mmeshakuwa kitu kimoja," na chai niliyompikia hakuimaliza. Mimi nilivimba kichwa wiki nzima. Ningejua kwamba ndiyo najitia kitanzi, ningemwambia mama kindi wake wafunge mpaka apone.

Kwa sababu karanga zilikuja kuanza kupungua, uzi ukiwa pale pale na fundo likiwa sawasawa.

Asubuhi hiyo aliponiuliza nampelekea nani, alikuwa ameshalichunguza lile fundo kwa miwani, akalichunguza bila miwani. "Mgeni hajaligusa," akasema. "Hili limefungwa na mkono uliofundishwa." Akanisogezea kijiti puani. "Tunaolijua ni wawili, mimi na wewe. Na mimi siwezi kujiibia."

"Wala mimi siibi, mama! Karanga nikizitaka si nanunua? Sokoni zimejaa tele!"

"Walioiba sukari ya wagonjwa, wote walikuwa na sukari kwao."

Nilitoka pale nimefura, nikaenda kufua mapazia ya watu kwa hasira mpaka nikachana moja.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikageuka kituo cha polisi. Kopo likahama kabati la jikoni, likaingia kabati la vioo sebuleni. Karanga zikapungua. Likahamia chumbani kwa mama, chini ya kitanda chake. Karanga zikazidi kupungua, na sasa kosa langu likawa kubwa zaidi, maana eti naingia mpaka chumba cha mama mkwe wakati amejilaza. Nikipita koridoni, mlango wake unafunguka kiasi cha jicho moja. Nikimwamkia, anasogea karibu avute pumzi, anuse kama nimekula karanga. Na mimi, jamani, ni mpenda karanga! Niliacha kuzila kabisa, hata za kwangu, hata kazini, nisije nikanuka.

Msidhani mimi nilikaa bure. Nani ataitwa mdokozi akanyamaza? Nilianza na mume wangu. Nilimnusa akiwa amelala kwenye kochi, akaamka akadhani nataka kumbusu, akafurahi, na ilibidi nifurahi naye. Hakuwa na harufu yoyote. Baadaye nikamtia wifi yangu kwenye mizani. Huyu kwa muda mrefu amekuwa akitaka mama ahamie kwake, kwenye ghorofa ya juu kabisa, kusiko na hata chungu cha maua. Na huja kumtembelea mama mchana, wakati mimi niko kazini. Nani ajuaye? Labda tangu utotoni alimwona mama akifunga lile fundo, akalishika kichwani, akanyamaza nalo. Nikipiga pasi, naijenga kesi. Kila shati lilinipa ushahidi mpya. Mpaka jioni wifi amekwisha kuhukumiwa na kufungwa.

Halafu siku nyingine nikawaza jambo baya zaidi: huenda mama mwenyewe amenichoka. Huenda anazimwaga karanga mahali, makusudi, ili apate sababu. Nilimpenda yule mama, ndiyo maana liliniuma.

Lakini kilichonifanya niape kumkamata huyo mwizi ni mke wa mwalimu. Ni mteja wangu wa siku nyingi, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuja na furushi la nguo, akaliweka mezani, akasema kwa utani, "Nasikia Mama Stoo ana malalamiko huko nyumbani." Akacheka. Na mimi nikacheka. Tukacheka sana. Kisha akalichukua furushi lake, eti amekumbuka kuna gauni linataka kifungo kwanza, atarudi. Hakurudi. Mama alikuwa amekwisha kulisema jina langu kwa majirani, juu ya ua.

Jioni hiyo hiyo mama akatangaza kikao. Jumapili, baada ya chai, wifi aje, mume wangu awepo. "Mbele ya watu utasema," akaniambia. "Nilivyokuwa nafanya hospitalini ndivyo nitakavyofanya hapa. Ikithibitika, mimi nahamia kwa binti yangu. Siwezi kulala nyumba moja na mdokozi."

"Na kindi wako utamwachia nani?" nikamuuliza, nikijua nimempiga penye kidonda.

Aligeuka akatazama dirishani.

Kabla Jumapili haijafika, mchana mmoja nilifunga kazi mapema, nikapita njia ya nyuma kama mwizi wa kweli, nikaingia bustanini kwa geti la takataka. Nilikuwa nimeanika mashuka ya nyumba ya wageni, kamba nzima, yanadondosha maji. Nikajibanza nyuma yake. Kutoka pale unauona ukuta mfupi wa bomba na pia unauona mlango wa nje wa chumba cha mama, ule wenye ngazi moja ya saruji. Nikangoja wifi. Nilikuwa nimeshapanga na maneno nitakayomwambia, mazuri sana, hata sasa nasikitika sikuyatumia.

Wakatangulia kindi. Meneja kwanza, na wengine nyuma yake. Lakini hawakwenda kwenye ukuta wa bomba, wanakolishwa asubuhi. Waliupita ukuta hata hawakuutazama, wakakata bustani moja kwa moja mpaka kwenye ile ngazi ya mlango wa mama, wakakaa. Karani akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, anaukodolea macho mlango. Mlango umefungwa. Hakuna karanga, hakuna mtu, nao wanangoja tu.

Nikasema, aha! Mnyama wa porini huyu hawezi kuja kukaa mlangoni kwa mtu bure. Wamezoeshwa. Kuna mtu anawapa hapa, wakati kama huu, kila siku. Karanga hazikutoka nje ya nyumba hii, zinaliwa na hawa hawa! Nikatega sikio nisikie viatu vya wifi.

Kitasa kikazunguka, akatoka mama.

Hakuwa na kilemba. Nywele zake, ambazo mimi mwenyewe nimeziona mara chache, zilikuwa wazi. Gauni alilivaa ndani nje. Mkononi ameshika kopo. "Karibuni, karibuni," akawaambia, sauti laini ambayo sikuizoea. "Mmetoka mbali? Mna njaa?" Akachota konzi nzima akamwaga kwenye ngazi, bila kupima, bila kijiti. Meneja akamkaribia mpaka kwenye vidole vya miguu. Mama akainama, akamtazama kwa makini.

"Na wewe ni nani?" akamuuliza. "Mnene hivi, umetoka wapi? Sijapata kukuona."

Akasimama pale kidogo, kisha mikono yake ikafunga kopo. Macho yalikuwa juu, kwenye miti. Mikono ilizungusha kushoto mara mbili, chini, juu ya kidole gumba, ncha ndani, upesi kuliko mimi nitakavyoweza maisha yangu yote. Akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Niseme ukweli, kwanza nilifurahi. Nimekukamata! Nilichomoka kwenye mashuka nimelowa bega moja, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikagonga chumbani kwake kwa nguvu.

"Mama! Umewapa kindi!"

Alikuwa ameketi kitandani. "Nimewapa asubuhi," akasema. "Si ulikuwepo?"

"Na sasa hivi je?"

"Sasa hivi nilikuwa nimelala. Umeniamsha." Akanitazama bega. Jicho la stoo likarudi. "Na wewe unafanya nini nyumbani saa hizi? Umelifuata kopo, siyo?"

Nilitaka kupiga kelele. Gauni lake lilikuwa na maganda ya karanga, mapajani pote. Nikayaonyesha kwa kidole. Akainamisha kichwa, akaokota moja, akalishika mbele ya macho, akaligeuzageuza kwa muda mrefu.

"Hili limetoka wapi?" akaniuliza.

Nimeishi na yule mama. Hajui kudanganya, akijaribu, hata kwa utani, anafunika mdomo kwa kiganja. Mkono wake haukwenda mdomoni. Alikuwa ananiuliza kweli, anataka kujua. Nikasema sijui, mama, nikamwondolea maganda gauni, nikatoka.

Jioni nikamwambia mume wangu wakati ananawa mikono. Nilimweleza taratibu, mimi ambaye sijui kueleza kitu taratibu. Aliendelea kunawa mpaka sabuni ikaisha mkononi.

"Kwa hiyo mama yangu amechanganyikiwa," akasema. "Ili wewe uwe msafi."

"Nimemwona kwa macho yangu."

"Ulikuwa nyuma ya shuka."

"Shuka lina pembeni!"

"Jumapili utayasema hayo," akasema. "Mbele yake. Kama unaweza." Akaenda kukaa nje peke yake. Siku mbili alinisemesha kama mtu anayeongea na karani wa benki. Alihisi namzulia mama yake ugonjwa, na mimi nilihisi ameshachagua upande. Nikaapa kwamba Jumapili nitayamwaga yote, liwalo na liwe.

Jumapili ikafika. Mama alivaa suti yake ya kazini, ile ya kijivu yenye vifungo vikubwa, inayompwaya sasa mabegani. Kopo mezani, kijiti kando yake. Wifi alikaa mkoba mapajani, kama aliyekuja kumchukua mtu waondoke. Mume wangu alikuwa anatazama zulia.

Mama alieleza vizuri, jamani. Ungemwona! Alieleza lini alama ilikuwa wapi, kopo lilihamishwa wapi, fundo lilikuwaje. Hakunitukana hata mara moja. Nilimtazama nikajiambia labda kweli mchana ule niliota.

"Na hilo fundo mnalijua wangapi, mama?" wifi akauliza, ingawa jibu alikuwa nalo tangu amefika.

"Wawili."

"Basi." Wifi akanigeukia. "Unalo la kusema?"

Ninalo? Nilikuwa nalo limejaa mdomo mzima! Nikasimama. Nilikuwa naliona furushi la mke wa mwalimu likiondoka mezani pangu, nikaona na mafurushi mengine yakilifuata. Nikavuta pumzi nianze na ile ngazi ya saruji.

Lakini mama alikuwa hajamaliza. "Mimi nimelihakiki jambo hili," akasema, "kama si yeye, basi itakuwa ni..." Macho yake yakashuka kwenye kopo, yakahama, yakatua kwenye mikono yake mwenyewe iliyokuwa juu ya magoti. Akaitazama hiyo mikono. "Wawili," akasema tena, polepole, na sauti haikuwa ya hakimu. Midomo ilianza kumcheza. Akaninyanyulia uso, na mimi yule mama sijawahi kumwona akiomba kitu kwa mtu yeyote.

"Ni wewe, siyo?" akaniambia. "Sema ni wewe."

Nilikuwa nimesimama, mdomo wazi, maneno yote yamejipanga. Niliogopa. Niliogopa kwa ajili ya kazi yangu na kwa ajili yake, kwa pamoja, na sikuwa na muda wa kutafuta njia ya tatu.

"Ni mimi, mama," nikasema.

Mume wangu akainua kichwa.

"Ni mimi. Nilikuwa nazichukua mchana, nikitoka kazini. Naomba unisamehe."

"Lo!" wifi akaruka. "Bila hata haya! Nilisema mimi! Si nilisema?"

Mama hakumsikiliza. Aliegemea kiti, akashusha pumzi ndefu, machozi yakamtoka bila kuyafuta. Alikuwa anatabasamu. "Afadhali," akasema. "Afadhali ni wewe, mwanangu. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa."

Baadaye nilikuwa bustanini naanua mashuka. Mume wangu akaja, akashika ncha za upande wa pili, tukakunja la kwanza, tukakunja la pili. Kwenye la tatu akashindwa, akalikumbatia tu lile shuka.

"Ulikuwa unasema kweli," akasema.

"Shika vizuri. Linaburuza chini."

Mama hakuhamia kwa wifi. Wifi alitaka kumchukua, mama akamjibu kwamba mwizi akishakiri hakuna mtu mwingine anayehama, ndivyo walivyofanya hospitalini. Tulimpeleka kwa daktari. Daktari alizungumza na mume wangu pembeni kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo mume wangu anarudi nyumbani mchana kila anapoweza. Wifi tulimweleza. Hakuamini. Kwake yeye nilikiri mbele ya mashahidi, yamekwisha, na amewaambia wote wanaotaka kusikia na wengine wasiotaka. Mke wa mwalimu sasa anafulia nyumbani. Nimepoteza na wengine, nyumba ya wageni bado ipo, sijui mpaka lini. Nikikutana nao njiani wananisalimia vizuri tu.

Mtaniuliza, kwa nini nisizirudishe karanga kimyakimya, si fundo nalijua? Nilijaribu. Mama alipima akakuta zimezidi, akakaa siku nzima chumbani na kopo mapajani, hataki kula. Karanga zinazopungua ana maelezo yake. Zinazoongezeka zilimtia hofu ambayo sikuweza kuitazama mara ya pili. Nikaacha. Mchana kindi wanakwenda kukaa kwenye ngazi, mama anawatokea, na mimi au mwanawe tunamtazama kwa mbali asije akaanguka.

Jana asubuhi ameniita tena. Kopo liko mezani, kijiti mkononi, miwani puani. Kikao amekisahau, na kukiri kwangu kote amekusahau.

"Mke wa mwanangu," akasema, "karanga zimepungua na fundo liko sawasawa. Tunaolijua ni wawili."

Nikaona midomo imeanza kumcheza, macho yanateremka kuelekea mikononi. Nikamuwahi.

"Ni mimi, mama. Nimezichukua mimi."

Akanitazama. Kijiti kikamdondoka.

"Wewe?" akasema, na uchungu ulikuwa mpya kabisa, kama hajawahi kuusikia. "Wewe ndiye niliyekuamini kuliko wote."

Nikapiga magoti nikaokota kijiti, nikamwomba radhi.